Kitoweo cha Kioo

Yai lilikuwa moja, na lilikuwa la Yasmin. Mwaisha, mama yake, alikuwa amelifunika kwa kikombe juu ya kabati tangu alfajiri, akingoja mtoto aamke amvunjie kwenye uji. Yasmin alikuwa na miezi kumi, lakini ukimbeba ungedhani ana mitano. Saa nne mgeni akabisha hodi. Twalibu, mwenye nyumba, alimtazama mkewe, kisha akakitazama kile kikombe. Mwaisha alilichukua yai akaenda nalo jikoni.

Mgeni aliitwa Editha. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, anasomea shahada ya pili katika chuo kikuu mjini Morogoro. Alikuja na begi la mgongoni na mizani ya kukanyagia, na viatu vyake vilikuwa vimejaa tope jekundu la Bigwa, mtaa wao wa chini ya mlima. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa amempa orodha ya nyumba zenye vijana wa sekondari.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Kaa kiti hiki, kile kingine kina mguu wa kubahatisha."

Editha alicheka, akakaa. Alieleza kwamba anafanya utafiti juu ya vijana na simu. Humo mtandaoni, alisema, kuna watu wanapika, kuna watu wanakula, kuna matangazo ya chipsi na soda kutwa nzima. Alitaka kujua kijana anayekaa sana mtandaoni anaona vyakula gani, mara ngapi, na kama kuviona huko kunabadilisha anachokula nyumbani.

"Ni jambo la maana," alisema Twalibu. Alikuwa amefanya kazi kiwanda cha nguo miaka kumi na tisa, mpaka kilipofungwa, na alijua namna ya kuzungumza na watu waliosoma. "Elimu haina mwisho. Zuhura! Njoo umwamkie dada."

Zuhura alitoka chumbani. Alikuwa kidato cha pili, mrefu, mwenye viwiko vilivyochongoka. Editha alimpima: kilo arobaini na tatu. Akamkabidhi daftari lenye mistari miwili iliyochorwa kutoka juu hadi chini.

"Siku kumi na nne, mdogo wangu. Upande wa kushoto unaandika kila chakula ulichokiona kwenye simu. Upande wa kulia unaandika ulichokula wewe. Simu unayo?"

"Ya mama. Lakini haina bando."

"Bando nitaweka mimi. Utafiti unalipia. Kila siku litaingia lenyewe, utumie unavyotaka." Editha alifungua kalamu. "Sasa naanza na swali la kaya. Baba, jana nyumbani mlikula nini?"

Jikoni, Mwaisha alisimamisha mkono juu ya kikaango.

Jana walikuwa wamekula ugali na chumvi, mara moja, jioni. Mvua za masika zilikuwa zimeporomosha kipande cha mlima pale juu, kwenye shamba la ukoo wa kina Mwaisha, zikashuka na migomba na matuta ya mboga aliyokuwa akiyategemea kupata cha kuuza sokoni. Mahindi ya bondeni yalikuwa bado yanatoa ndevu. Na Twalibu, aliyekuwa akibeba zege kwenye majengo ya watu, alikuwa hajaitwa wiki ya tatu, maana hakuna anayemwaga zege kwenye mvua.

Lakini kuna jambo ambalo mtu wa pale chini ya mlima halisemi mbele ya mgeni. Akikutwa amekaa na sufuria limegeuzwa, husema, "Tumeshakula, umetukosa kidogo tu." Hivyo ndivyo Twalibu alivyolelewa na mama yake, na mama yake na mama yake.

"Jana," alisema, "ilikuwa wali na maharage. Na samaki kidogo."

Editha aliandika. Kisha akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Nauliza hivi kwa sababu nina fomu nyingine hapa, baba. Nikikuta nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano na chakula hakitoshi, naijaza. Mnaipeleka zahanati, mtoto anapimwa na kupewa chakula chake cha lishe. Haina gharama."

"Jambo jema sana," alisema Twalibu. "Wapo wanaohitaji. Hapo chini karibu na mto utawakuta."

Mwaisha aliingia na sahani. Yai lilikuwa limekaangwa na kitunguu kimoja kilichobaki, likatandazwa vizuri lionekane kubwa. Editha alikataa mara mbili kama inavyopasa, kisha akala, maana alikuwa amefundishwa kwao kwamba kukataa chakula cha mwenyeji ni kumtukana. Alipomaliza aliandika kwenye karatasi yake: *Kaya inapata mayai.*

Chumbani Yasmin aliamka, akaanza kulia.

 

Jioni ile Zuhura aliileta simu kwenye mkeka. Ilikuwa na ufa kutoka kona moja hadi nyingine. Alikuwa ameichaji kwa jirani yao Anastasia, mjane wa mfanyakazi wa mashamba ya miwa. Ukuta wa nyumba yake ulikuwa karibu na wao kiasi kwamba mtu akipiga chafya huku, yeye humwambia pole kule.

"Toa hicho kitu kwenye chakula," alisema Twalibu.

"Baba, natakiwa kuangalia. Ni kazi ya dada Editha."

Akaisimamisha simu, akaiegemeza kwenye kibakuli cha chumvi, katikati, mahali pa bakuli la mchuzi. Kwenye kioo mwanamke mmoja mnene mwenye pete za dhahabu vidoleni alikuwa anakaanga kuku. Mafuta yalichachatika. Vipande viligeuzwa, vikawa na rangi ya shaba. Kitunguu kilimwagwa, nyanya ikafuata, tui likashuka taratibu.

Twalibu alimega tonge, akalichovya kwenye chumvi, akalisimamisha mbele ya mdomo huku macho yake yakiwa kwenye kioo.

"Huyu mama anaunguza vitunguu," alisema.

"Haunguzi," alisema Mwaisha. "Anavitaka vya kahawia."

"Mimi nakwambia anaunguza. Zuhura, rudisha nyuma kidogo, hapo kwenye paja."

Zuhura akacheka. Mwaisha naye akacheka, akaziba mdomo kwa upande wa kanga. Ilikuwa zaidi ya mwezi tangu kicheko kisikike kwenye mkeka ule. Twalibu alimega tonge la pili, akaliinamisha kuelekea kwenye kioo kama anayechota mchuzi, akalila.

"Bismillahi," alisema. "Umekolea."

Wakacheka mpaka Yasmin, aliyekuwa kifuani kwa mama yake akinyonya titi lisilotoa kitu, akaacha kunyonya akawatazama.

Zuhura alikata ugali wake katikati. Nusu akaisukuma upande wa mama yake.

"Kula, mwanangu."

"Nimeshiba kwa macho. Wewe unanyonyesha."

Mwaisha alitazama kile kipande. Alitaka kukirudisha. Hakukirudisha.

Baada ya chakula Zuhura alifungua daftari. Upande wa kushoto akaandika: *Kuku wa nazi. Chapati za kusukuma. Keki ya ndizi.* Upande wa kulia akaandika kwa penseli: *Ugali, chumvi.*

Twalibu alikuwa anasoma juu ya bega lake.

"Umeandika nini hapo?"

"Tulichokula, baba."

"Futa."

"Dada amesema tuandike ukweli."

"Jina lililoandikwa juu ya daftari hilo ni la nani? Zuhura Twalibu. Litasomwa chuoni, mbele ya watu wenye suti. Unataka waseme Twalibu analisha watoto wake chumvi?" Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu anayeomba. "Futa, mama. Andika kama hapo kushoto. Si tumekula na kuku? Kuku si alikuwepo?"

Zuhura alifuta. Kipande cha karatasi kilibaki na kivuli cha kijivu, na juu ya kivuli hicho akaandika: *Ugali na kuku wa nazi.*

 

Ikawa desturi ya nyumba. Kila magharibi simu ilikaa mahali pa kitoweo, na Mwaisha akauliza, "Leo tunakula na nini?" Siku ya pili walikula na samaki wa kuchoma wa watu wa Mwanza. Siku ya tatu na biriani. Siku ya nne unga ulikuwa umebaki wa kukorogea uji wa Yasmin tu, na siku hiyo hawakupika, lakini simu iliwekwa vilevile, na wakaangalia pilau mpaka bando la siku likaisha. Zuhura aliandika upande wa kulia: *Pilau.*

Upande wa pili wa ukuta, jioni moja, Anastasia alikuwa na bakuli la majani ya maboga mkononi. Siku hizo alikuwa akiona kwamba jiko la jirani yake halitoi moshi kama zamani, na alikuwa amejiambia atawapelekea mboga. Alipofika kwenye kona ya nyumba alisikia mafuta yanachachatika, na vicheko, na Twalibu akisema, "Hilo la kwangu, msiliguse!" Akasimama. Akajisemea kwamba kumpelekea majani ya maboga mtu anayekaanga kuku ni kumdhihaki. Akarudi nalo bakuli lake.

 

Siku ya saba Editha alirudi na mizani. Zuhura alivua kandambili, akapanda.

"Kilo arobaini na moja," alisema Editha. Akamwambia ashuke, apande tena. Arobaini na moja. Akachukua daftari, akasoma ukurasa kwa ukurasa, kidole chake kikishuka upande wa kulia. Biriani. Pilau. Kuku. Samaki. Upande wa kushoto ulikuwa umejaa zaidi kuliko wa kijana yeyote aliyemtembelea.

Alimwomba Zuhura aende nje kidogo. Lakini mlango wa nyumba ile ulikuwa pazia.

"Baba, mama, msinielewe vibaya," alisema. "Chakula nyumbani kipo, nimekiona kwenye daftari. Lakini binti anapungua, na anapungua haraka. Tumesoma sana juu ya jambo hili. Wasichana wanaona mtandaoni wenzao wembamba, wanaanza kujinyima. Wengine wanakula, kisha wanakwenda kujitapisha. Hamjaona dalili?"

Twalibu alikuwa amekaa na mikono juu ya magoti. Tangu mizani ilipotolewa kwenye begi alikuwa anangoja aibu imshukie, na sasa alikuwa amefunguliwa mlango ambao angeweza kupita bila kuinama.

"Hicho ndicho," alisema. "Umeona vizuri, mwanangu. Sisi tunapika, yeye anachezea tu kwenye sahani. Mambo ya simu hayo."

"Baba Zuhura," alisema Mwaisha.

"Niache nizungumze na mgeni."

"Baba Zuhura, huyu ana ile fomu..."

"Nimesema niache."

Pazia lilitikisika kidogo, ingawa hapakuwa na upepo.

Editha alimgeukia Mwaisha. Yasmin alikuwa mgongoni, amefungwa kwa kitenge mpaka shingoni, na kichwa chake kilionekana kikubwa. "Na mdogo, mama? Anakula vizuri?"

Mwaisha alimtazama mumewe. Miaka kumi na saba alikuwa hajawahi kumkanusha mbele ya mgeni. Alijua maneno yanayotakiwa, yalikuwa mawili tu, hatuna chakula, na aliyasikia yakipanda hadi kooni.

"Ananyonya," alisema.

"Na mayai," aliongeza Twalibu.

"Ndiyo, nakumbuka yai." Editha alitabasamu. "Basi fomu sitaijaza, nitawaachia wenye shida zaidi. Ila simu, baba, mpunguzieni. Wiki moja tu tuone."

Alipoondoka, Twalibu aliichukua simu akaitia kwenye mfuko wa shati. Zuhura aliingia, akasimama mbele yake. Hakulia.

"Mimi natapika chakula, baba? Chakula kipi?"

Twalibu alifunga kifungo cha mfuko.

 

Magharibi ile katikati ya mkeka palikuwa na kibakuli cha chumvi peke yake. Hakuna aliyeuliza wanakula na nini. Zuhura aliukata ugali wake, akaisukuma nusu kwa mama yake, akaondoka kwenda kulala kabla hawajamaliza.

Siku ya kumi Yasmin alianza kuharisha. Ulikuwa ugonjwa wa kawaida wa wakati wa mvua, mtaa mzima watoto walikuwa nao, na wengi siku ya tatu walikuwa wanacheza tena juani. Mwaisha alimpa maji ya chumvi na sukari. Sukari aliiomba dukani, kijiko kimoja, akapewa kwenye karatasi huku wateja wakimpisha. Siku ya kumi na moja mtoto hakulia tena, na hilo ndilo lililowatisha. Walimbeba kwa mguu mpaka zahanati, Twalibu akitangulia na mwavuli uliokatika vijiti viwili.

Muuguzi alimbana ngozi ya tumbo, na ngozi ikabaki imesimama kama ilivyobanwa.

"Huyu anakula nini nyumbani?" aliuliza.

Twalibu alifungua mdomo. Maneno ya kawaida yalikuwa hapo hapo, yamejipanga, wali, samaki, mayai. Alimtazama mtoto.

"Hakuna," alisema. "Nyumbani hakuna kitu."

Muuguzi hakushangaa wala hakumdharau. Alisema tu, huku akitafuta mshipa kwenye mkono mdogo, "Ungesema mapema, mzee wangu. Tunacho chakula chao hapa. Kimejaa stoo."

Mshipa ulipatikana mara ya nne. Yasmin alifariki siku iliyofuata, kabla ya adhuhuri.

 

Alizikwa jioni ileile, na watu wakaja kama ilivyo desturi. Nyumba yenye msiba haiwashi jiko. Jirani ndio wanaopika. Masufuria yaliletwa yakapangwa uani. Msikiti ulitoa mchele, vijana wa kijiweni wakachanga mbuzi, wanawake wakaja na kabichi, maharage, mafuta na nazi. Moshi ulipanda kwenye uwanja wa Twalibu siku tatu mfululizo.

Siku ya tatu, siku ya kuanua matanga, Anastasia alikaa kwenye mkeka pembeni ya Mwaisha, akamwekea sahani mapajani.

"Kula, mama Zuhura. Kidogo tu."

Mwaisha alikula. Mwili wake ulikuwa unakula wenyewe, kama usio wake.

"Naomba nikuulize," alisema Anastasia kwa sauti ya chini. "Mimi nilisikia mnakaanga. Kila jioni. Nilisikia mafuta kwa masikio yangu, nikasikia na kucheka. Harufu sikuisikia, nikadhani nina mafua. Nilikuwa nimebeba mboga, nikarudi nazo."

"Ilikuwa simu," alisema Mwaisha.

Anastasia aliweka mkono mdomoni, akauacha pale.

Editha alifika saa saba. Ilikuwa siku ya kumi na nne, siku ya kuchukua daftari, na hakuwa amesikia. Aliona turubai, akaona viatu vingi mlangoni, akalivua begi mgongoni na kulishika mkononi. Mtu alimwonyesha alipokuwa Twalibu, kwenye benchi, katikati ya wanaume.

"Baba, shikamoo. Poleni. Sikujua. Nani...?"

"Mdogo," alisema Twalibu. "Yule wa yai."

Editha hakuelewa. Zuhura alikuja na daftari, akampa kwa mikono miwili. Editha alisema halina haraka, lakini Zuhura alibaki amesimama, akingoja, na Editha akaona kwamba anatakiwa alifungue pale pale.

Upande wa kushoto ulikuwa kama alivyouacha. Upande wa kulia ulikuwa umefutwa wote, kuanzia siku ya kwanza, karatasi ikawa nyembamba na ya kijivu, na juu yake kulikuwa na mwandiko mpya. *Ugali, chumvi, nusu nimempa mama. Ugali, chumvi. Ugali, chumvi. Hatukupika.* Kidole cha Editha kilishuka taratibu. *Ugali, chumvi. Hatukupika. Uji wa chumvi.* Kuanzia siku ya nane upande wa kushoto ulikuwa mtupu. Mstari wa mwisho kulia ulikuwa wa mchana uleule: *Wali, nyama ya mbuzi, kabichi, maharage. Nimeshiba.*

Editha alikaa kwenye benchi bila kukaribishwa. Wanaume walisogea kumpa nafasi.

"Siku ya kwanza," alisema baadaye, "lile yai."

"Usijisumbue, mwanangu," alisema Twalibu. "Tulikupa sisi. Mgeni hakosi." Kisha akauliza, kwa heshima yote, kama anavyouliza mtu dirishani ofisini, "Ile fomu bado unayo?"

Editha alilifungua begi, akaitoa. Alitafuta kalamu, akaipata, akaanza kusoma mstari wa juu ili aujaze, akasita. Twalibu, aliyesoma miaka mingi maandishi madogo kwenye mitambo ya kiwanda, alisoma naye juu ya bega lake: *Umri wa mtoto (chini ya miaka mitano).*

"Huyu mkubwa haingii?" aliuliza.

"Haingii, baba."

"Basi." Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. "Wape wenye shida."

Ndani, Mwaisha alihisi kitu cha moto kifuani. Alitazama chini. Kanga yake ilikuwa imelowa, duara mbili, zikiongezeka. Siku tatu za wali na nyama zilikuwa zimeyarudisha maziwa. Aliweka mikono juu ya matiti akabana, lakini yaliendelea kutoka, yakapita katikati ya vidole. Anastasia aliona, akavua kanga yake ya juu, akamfunika nayo, na wanawake wengine wakageuzia macho ukutani.

Uani mtu aligonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria.

"Leteni sahani!" aliita. "Chakula kimebaki kingi."